Shajara ya mradi: daftari la kaunta, baisikeli na swali moja la afya (Mtwara)

Mei, kusi ndo linaanza

Nafungua hii shajara nisije nikasahau mambo, maana mradi wenyewe ni mdogo na hauna bosi wala mfadhili, ni mimi, kaunta ya duka la dawa hapa Mtwara mjini, na daftari kubwa la mwanafunzi lililobaki toka mwaka jana. Wazo limetokana na mlango wa duka. Watu wanaegesha vyombo vyao palepale mbele yangu, kwa hiyo mtu kabla hajafungua mdomo nshajua kaja na nini, bajaji, boda, mguu au baisikeli, na kwa muda mrefu nimekuwa nahisi wale wa baisikeli wanaisemea miili yao tofauti na wenzao. Sio kwamba hawaumwi. Wanaumwa sana tu, magoti, viuno, viganja kufa ganzi. Ila ukimuuliza afya kwa ujumla anakujibu kama mtu mwenye gari zima lenye spea moja mbovu.

Sasa hisia za muuza dawa sio ushahidi, ndo maana nikatafuta daftari.

Swali sijalitunga mimi: kwa ujumla unaionaje afya yako, nzuri sana, nzuri, ya wastani au mbaya? Limeulizwa duniani miaka na miaka, na mtu akilisikia mara ya kwanza analidharau, anaona la kitoto. Lakini kule Canada, jimbo la Manitoba, waliwauliza wazee zaidi ya elfu 3 afu wakawafatilia, na mwaka 1982 Jana Mossey na Evelyn Shapiro wakatoa matokeo kwamba waliosema afya yao mbaya walikuwa na hatari ya kufa mapema karibu mara 3 ya waliosema nzuri sana, na hapo walishahesabu magonjwa yaliyomo kwenye mafaili yao. Mwaka 1997 Ellen Idler na Yael Benyamini wakakusanya tafiti 27 za aina hiyo kutoka nchi mbalimbali, nyingi zikaelekea hukohuko. Yaani mtu anajua kitu kuhusu mwili wake ambacho faili halikijui.

Upande wa baisikeli kuna ule mradi wa Ulaya unaoitwa PASTA, miji 7: Antwerp, Barcelona, London, Örebro, Roma, Vienna na Zurich. Waliwauliza maelfu ya watu wanatumia usafiri gani na mara ngapi, afu wakawauliza wanavyoiona afya yao, msongo wa mawazo, nguvu mwilini, upweke. Matokeo ya 2018 baisikeli ikatoka kifua mbele, imepita gari, imepita basi, imepita hata kutembea kwa miguu.

Ila Antwerp sio Mtwara. Kule mtu mwenye gari ndani anaamua leo naenda kazini na baisikeli. Hapa mtu anaendesha kwa sababu ana tenga la samaki, au kuni, au madumu ya maji, na hana hela ya boda. Je huyu naye anajiona ana afya nzuri kwa sababu ya baisikeli, au anaendesha kwa sababu afya bado ipo? Hilo ndo nalitafuta.

Daftari halina majina. Duara ni baisikeli, msalaba ni mguu, pembetatu bajaji (si ina tairi tatu), mstari ni boda. Pembeni naandika kijana, mtu mzima au mzee, mume au mke, basi.

Mei, siku chache baadaye

Kurasa za mwanzo zote zinasema "nzuri". Zote! Mtu anakohoa mpaka anashika meza, mkononi ana cheti cha dawa za sukari, namuuliza anajibu nzuri alhamdulillah. Na nyuma yake kuna foleni inasikiliza. Kwetu huku mtu akikuuliza afya amekusalimia, na salamu inajibiwa kwa shukrani, huwezi ukaanza kumhesabia Mwenyezi Mungu mapungufu mbele ya jirani yako aliyekuja kununua panadol.

Kwa hiyo swali nimeliongezea mkia. Ukijilinganisha na watu wa rika lako unaowafahamu, wewe uko mbele yao, sawasawa nao, au nyuma? Na la pili, ukilinganisha na msimu wa korosho uliopita, umepanda, uko palepale au umeshuka? Haya yote mawili nayo yanatumika kwenye tafiti za watu, sio ubunifu wangu, mimi nimechomeka korosho tu badala ya "mwaka mmoja uliopita" kwa sababu huku kila mtu anakumbuka msimu wa korosho alikuwa wapi na alikuwa na hali gani.

Mambo yamebadilika palepale. Watu wanasita, wanafikiria, wengine wanahesabu na vidole. Bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, wa rika langu wengi wako makaburini, sasa nijilinganishe na nani?" Nikamwandika yuko mbele.

Juni, mzee wa samaki

Huyu nataka nimwandike kwa urefu.

Anachukua samaki Mikindani asubuhi analeta mjini, kama kilomita 10 hivi, kwenye Phoenix nyeusi ya zamani ambayo rangi imebaki kwenye kona tu. Nyuma kafunga tenga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, kaizungusha mara nyingi mpaka keria yenyewe huioni, na maji ya barafu yanachuruzika kwenye ekseli ya nyuma kwa hiyo gololi za tairi la nyuma zinaliwa na kutu kabla ya zile za mbele, ananiambia fundi keshamzoea. Breki ya mbele hamna. Kengele ipo, na anaijali kuliko breki.

Alikuja kutafuta dawa ya kuchua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, hujambo."

"Sijambo. Mzee nna swali langu moja hapa, kwa rika lako afya yako unaiweka wapi?"

Akacheka, akaangalia baisikeli yake nje. "Dokta" (wote wananiita dokta, nshachoka kuwakatalia) "wewe unajua pale barabara inapoachana na bahari ukitoka Mikindani, panapopandia? Mimi pale napanda na tenga limejaa, sishuki. Siku nikishuka nikasukuma, ntakuja hapa mwenyewe kukwambia nyuma. Leo andika mbele."

Nikamuuliza na hilo goti analonunulia dawa? "Goti ni goti. Umeniuliza afya."

Jibu lake limenikaa kichwani wiki nzima. Mimi nilikuwa nawaza baisikeli inampa mtu afya afu mtu anaisikia ile afya. Yeye anasema kitu kingine, kwamba kila alfajiri ana kipimo chake pale kwenye mwinuko, mzigo uleule, barabara ileile, na mwili unampa majibu siku hiyohiyo. Mtu wa bajaji atajuaje? Anapanda kakaa, anashuka, moyo wake haujaulizwa chochote toka wiki iliyopita. Atagundua siku lifti imekufa na ana ngazi mbele yake, na Mtwara majengo ya lifti yenyewe ya kuhesabu.

Juni, upepo

Jumamosi moja nimetoka na baisikeli yangu mpaka Mikindani kuona huo mwinuko. Kwenda raha, kusi linakusukuma mgongoni, unajiona bingwa. Kurudi ndo utajua. Hewa inayokupiga usoni ikiwa na kasi mara mbili, nguvu ya kukurudisha nyuma inakuwa mara nne, na mzee anarudi na tenga ambalo ni ukuta mtupu. Ndo maana anatoka alfajiri, upepo haujachangamka, saa nne asubuhi anakuwa keshamaliza kuuza.

Kwenye tambarare nilijipima kwa kile kipimo rahisi, kama unaweza kuongea lakini huwezi kuimba basi hiyo ni kazi ya wastani, ile ambayo Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Nilijaribu kaswida, mstari wa kwanza ukakatika njiani. Kwenye mwinuko hata kuongea hamna, hiyo ni kazi nzito, na ya namna hiyo wanasema dakika 75 mpaka 150 zinatosha. Mzee wa samaki na barabara yake anamaliza kiwango cha wiki kabla wiki haijafika nusu, na hajawahi kuiita mazoezi. Ukimwambia anafanya mazoezi anaweza kukununia, yeye yuko kazini.

Nikapumzika kidogo chini ya boma la Wajerumani. Livingstone alianzia safari yake hapa Mikindani 1866, kwa miguu, miaka 7 baadaye akafa, sijui angeulizwa swali langu siku anaondoka angejibu nini.

Juni mwishoni

Kusi kali, umeme unakatika, watu wachache. Duara chache.

Julai, magoti

Nilikuwa naona mtindo mmoja kwenye daftari. Watu wa baisikeli wengi wanajiweka mbele ya rika lao, sawa, lakini kwenye lile swali la korosho kuna kundi linasema limeshuka, na karibu wote wa kundi hilo wanashika palepale, mbele ya goti, chini ya kile kifuniko. Dawa za maumivu wananunua kila baada ya siku chache, na hizo dawa ukizifanya chakula zinakula tumbo, zinapandisha presha na figo hazizipendi, kwa hiyo hapo nna sababu ya kuingilia hata kama mradi haukupanga.

Nikaanza kutoka nje ya kaunta kuangalia baisikeli zenyewe. Siti ziko chini! Mtu mrefu, fremu kubwa, siti imezamishwa mpaka mwisho, akikanyaga goti linapanda karibu na kifua. Nikauliza kwa nini, majibu yote ni aina moja: nataka nikisimama miguu ifike chini, nna mzigo nyuma, nikiyumba nianguke? Inaeleweka kabisa. Ila goti likikunjwa sana huku unasukuma kwa nguvu, kile kifuniko kinakandamizwa kwenye mfupa wa paja, na ukizidisha kwa mizunguko yote ya pedeli kutoka Naliendele au Mikindani mpaka mjini, litalalamika.

Jirani yangu ni fundi baisikeli, kibanda chini ya mwembe, tukakubaliana. Kipimo kinafanyika hivi: mtu anakaa kwenye siti, fundi anashika baisikeli, aliyekaa anaweka kisigino juu ya pedeli, pedeli iko chini kabisa, mguu unyooke. Ukinyooka hapo, basi ukikanyaga kawaida kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti linabaki limekunja kidogo tu. Spana moja, hata dakika 5 haziishi. Tatizo ni kwamba baisikeli nyingine bomba la siti limeshika kutu halitoki, fundi analimwagia mafuta ya taa linalala nayo, kesho anagonga.

Wenye mzigo mzito walikataa kupandisha mpaka mwisho, tukapandisha nusu. Fundi akasema kitu cha maana, kwamba mtu wa tenga ajifunze kushuka kwa kuinamisha baisikeli upande mmoja na kuweka mguu mmoja, sio miwili. Fundi hana cheti cha mtu yeyote lakini nimemsikiliza kuliko baadhi ya semina nilizokaa.

Kijana mmoja wa mkaa amerudi baada ya wiki kama mbili, hakuja kununua dawa, kaja kuniambia goti limenyamaza. Nikamuuliza tena swali la afya. Alikuwa amejiweka sawasawa na wenzake, safari hii kasema mbele. Sasa hapa nataka niwe makini: mapafu yake hayajabadilika kwa wiki mbili, moyo wake uleule. Kilichobadilika ni spana. Kwa hiyo jibu la afya linapanda na kushuka na vitu ambavyo sio ugonjwa wala uzima wa ndani, na anayetaka kujua baisikeli inafanya nini kwa hisia za afya za watu wa huku aulize na urefu wa siti.

Julai, dada fundi cherehani

Anaendesha ile baisikeli ya kike isiyo na bomba la katikati, kutoka Magomeni mpaka sokoni, gauni kalifunga pembeni kwa pini ya nguo ili lisiingie kwenye cheni. Kajiweka mbele sana. Nikategemea atasema miguu, pumzi, uzito. Wapi. Kasema ni ule muda peke yake ambao hakuna mtu anamuuliza nguo yake imeisha, na njiani anasalimiana na watu mpaka anafika kachangamka.

Hii inaenda na kile cha PASTA cha watu wa baisikeli kuripoti upweke mdogo, ambacho nilipokisoma mara ya kwanza nilikiona cha ajabu, mtu yuko peke yake juu ya siti upweke unapunguaje? Lakini fikiria barabara zetu. Kwenye bajaji umefunikwa, unaongea na dereva tu. Kwenye boda upepo na mlio. Kwenye baisikeli mwendo ni wa kutosha kufika na wa kutosha kusema "habari za asubuhi shangazi, watoto hawajambo?" na kusikia jibu.

Wanawake kwenye daftari bado wachache, na wawili watatu wameniambia waliacha baisikeli walipoolewa. Sikuwauliza zaidi, foleni ilikuwepo na mashemeji walikuwepo.

Agosti, mkanda wa presha

Nimeongeza kipimo. Anayejibu swali, akitaka, namfunga mkanda wa presha bure. Sheria yangu ni kwamba aliyekuja na baisikeli lazima akae kwanza, maana mtu katoka kupambana na kusi ukimpima palepale namba zinakudanganya. Ananyamaza kwenye benchi dakika kama 5, mgongo umeegemea, miguu haijapishanishwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Na kuna kitu cha pili, baada ya kazi kama hiyo presha huwa inashuka kwa masaa kadhaa chini ya kawaida ya mtu, kwa hiyo aliyenipa namba nzuri asubuhi namwomba arudi siku ambayo hajaendesha.

Hapa ndo mradi umepata mwiba. Wapo waliojiweka mbele ya rika lao, wanapandisha mizigo, hawaumwi kichwa wala nini, na mashine inasoma juu ya 140 kwa 90, nikipima tena siku nyingine iko palepale. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2012, ule wa magonjwa yasiyoambukiza, ulikuta karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 mpaka 64 wana presha, kwa hiyo sishangai kuikuta kwenye benchi langu. Nilichojifunza ni mpaka wa kile kipimo cha mzee wa samaki. Mwinuko unauliza moyo, mapafu, mapaja na goti. Presha yenyewe mwinuko hauiulizi, inakaa kimya miaka, mtu anapanda bila kushuka huku mishipa inaliwa taratibu. Na chumvi pia, hawa jamaa wanashinda na ng'onda, ukiwaambia wapunguze wanakuangalia kama unataka kuwafukuza mkoani.

Mmoja alibisha sana. "Dokta, mimi naendesha kila siku, presha ni ya watu wanene wa maofisini." Nikamwambia kaka, baisikeli inasaidia, kwa mtu mwenye presha mazoezi ya namna hiyo yanaishusha kidogo, lakini sio chanjo, nenda hospitali wakakuangalie. Kaenda? Kasema ataenda akiuza ufuta uliobaki.

Lakini upande mwingine kuna huyu wa maji, mtu mzima, anabeba madumu. Kaniambia siku hizi akipanda kifua kinabana katikati kama kimefungwa, akisimama dakika chache kinaachia, akipanda tena kinarudi. Kajiweka nyuma ya rika lake, bila mimi kumlazimisha, wakati mwaka jana korosho alikuwa mbele. Presha yake siku hiyo wala haikutisha. Dalili ya hivyo, inayokuja na kazi na kuondoka na kupumzika, ni ya mishipa ya moyo mpaka ithibitike vinginevyo, nikafunga daftari, nikamwitia bajaji, nikamwambia madumu yatabaki kwangu. Amepimwa, ameanzishiwa dawa, kaambiwa asibebe mzigo kwa sasa. Swali la kaunta lilijua kabla ya mashine yangu.

Kwa hiyo nna watu wa aina mbili kwenye benchi moja, aliyesema mzima mashine ikakataa, na aliyesema mbovu mashine ikamwona mzima. Najitahidi nisimpende mmoja kuliko mwingine.

Agosti mwishoni, safu mpya

Kijana wa bajaji anayeegesha hapa nje kanijia juu. "Dokta naskia kwenye daftari lako sisi wa pembetatu ndo wabovu." Nikamwonyesha, kweli pembetatu nyingi ziko sawasawa na nyuma. Akaniuliza swali ambalo lingetoka kwa profesa lingepigiwa makofi: "Sasa mgonjwa unataka apande baisikeli? Si lazima aje na mimi?"

Ndo hapo. Mwalimu mmoja mstaafu ameendesha baisikeli maisha yake yote, nyonga ikaharibika, akaiuzia jirani, saivi anakuja na bajaji na anajiweka nyuma. Daftari langu lingemhesabu kama ushahidi kwamba bajaji inashusha afya, wakati ni afya iliyomshusha kwenye baisikeli ikampandisha kwenye bajaji. Na zile tafiti kubwa nazo zina hili tatizo, hata ule wa Uingereza wa 2017 uliofatilia watu zaidi ya laki 2 na nusu ukakuta wanaokwenda kazini kwa baisikeli wana hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 41. Wale watafiti walirekebisha kwa umri, sigara, uzito, magonjwa waliyonayo na mengine mengi, na bado wenyewe wanasema huwezi ukaapa kwamba ni baisikeli peke yake. Ila mwili unaeleweka: misuli mikubwa ya mapaja ikifanya kazi inachota sukari kwenye damu, moyo unazoea kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, usingizi unakuwa mzito. Mimi naamini mshale unaenda pande zote mbili, na kwa watu wa mizigo wa hapa upande wa "anaendesha kwa sababu bado anaweza" ni mkubwa kuliko Ulaya, kwa sababu kule asiyeweza anabaki na gari lake na hapa asiyeweza anabaki nyumbani, hata kwenye kaunta yangu hafiki.

Nimeongeza safu: uliwahi kuendesha? uliacha kwa sababu gani? Majibu mpaka sasa ni nyonga, macho, mtoto kazaliwa, baisikeli iliibiwa, mume hakutaka, nilinunua pikipiki msimu wa korosho. Walioacha kwa kununua pikipiki ndo nawavizia kwa hamu, kwa sababu hao waliacha wakiwa wazima. Wachache niliowapata, kwenye swali la korosho, wanasema wako palepale au wameshuka kidogo, na sababu wanayotaja wote ni tumbo. Mmoja kapiga kitambi chake kwa fahari kabisa.

Septemba, korosho zimeanza kuanguka

Wengi wa duara wameanza kuhamia mashambani kuokota, mjini wanakuja siku mojamoja, daftari litakuwa jembamba mpaka minada iishe. Na mwaka huu lile swali la "msimu uliopita" litakuwa na maana kamili kwa mara ya kwanza, maana niliowaandika Mei ntawauliza wakiwa ndani ya msimu mpya.

Nilipofika: wanaoendesha kila siku wanajiona mbele ya rika lao kuliko wengine, hilo halina ubishi kwenye kurasa zangu. Sehemu ya hilo ni kwamba wabovu walishashuka njiani. Sehemu ni mwili kweli. Na sehemu, ambayo sikuikuta kwenye zile tafiti nilizosoma, ni kwamba mtu wa baisikeli anapojibu anakuwa na cha kukirejea, mwinuko fulani, mzigo fulani, asubuhi ya leo, wakati wengine wanajibu kwa kukisia. Kwa presha na sukari hata yeye anakisia, kwa hiyo mkanda unabaki.

Mzee wa samaki nimempima, presha yake nzuri kuliko yangu, kanicheka mbele ya wateja. Siti kakataa kupandisha.

Kuanzia Oktoba daftari la pili linakaa kwa fundi chini ya mwembe, kakubali kuuliza mwenyewe wakati anaziba pancha, maana pale mtu anakaa nusu saa na hana foleni nyuma yake. Nimemchorea alama kwenye kipande cha boksi kakitundika karibu na beseni la maji. Kaongeza alama yake mwenyewe, mduara wenye mkia, hiyo ni baisikeli inayokuja dukani kwake kila wiki ikiwa imebeba kupita kiasi, anasema wenye hiyo tuwahesabu peke yao.